Sikio la Ndani Halioti Upya

Mhadhara kwa wakaazi wa Amani, Unguja

 

Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa maradhi ya masikio, pua na koo. Ni uwanja mpana na muda hautoshi kuumaliza, kwa hivyo nitakaa zaidi kwenye sehemu ambayo daktari haioni hata akiwa na tochi nzuri kiasi gani: sikio la ndani. Nina neno moja kubwa, nalitanguliza ili mjue ninakokwenda. Seli za kusikia alizozaliwa nazo mtu ndizo atakazozikwa nazo. Zikifa hazioti nyengine. Na mambo yanayoziua hapa Unguja mengi yanazuilika, tena baadhi ya njia za kuyazuia zimeshapimwa kwenye skuli na hospitali za Afrika Mashariki, kwa masikio ya watoto kama wetu. Kazi iliyobaki ni kuyafikisha hayo mpaka majumbani na kwenye vituo vyetu vya afya, na kupima wenyewe yale ambayo hakuna wa kutupimia.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ukiingia tunduni hugonga ngoma ya sikio, nayo hutikisa vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, urefu wake ni kama milimita 3 tu. Sikio la ndani limejaa maji, na sauti ya hewani ikipiga maji karibu yote hurudi ilikotoka. Anayepiga mbizi Nungwi analijua hili: akishazama hawasikii wanaomwita kutoka kwenye ngalawa. Vifupa vile ndivyo vinavyolitatua jambo hilo. Nguvu yote inayoangukia ngoma pana hukusanywa kwenye unyayo mdogo wa kikuku, shinikizo likaongezeka zaidi ya mara 20, ndipo sauti ikaweza kuingia majini.

Humo ndani mna koklea, mrija uliojiviringisha duru mbili na nusu na ushei. Ukinyooshwa una urefu wa milimita 35 hivi. Juu ya utando wake zimepangwa seli zenye vinyweleo: safu moja ya seli za ndani, kiasi cha 3,500, na safu tatu za seli za nje, kiasi cha 12,000. Aliyesimama ufukweni Paje maji yakijaa ameuona mwani ukiinama na mkondo, ukanyanyuka, ukainama tena. Vinyweleo huinama hivyo hivyo, ila kwa umbali mdogo mno usioonekana. Vikiinamia upande mmoja, vilango kwenye ncha zake hufunguka, chembe za potasiamu zenye chaji ya umeme huingia ndani ya seli, na seli hupeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Hivyo ndivyo mnavyonisikia sasa hivi.

Aliyetuonesha jinsi koklea inavyotenganisha sauti nyembamba na nzito ni Georg von Békésy, Mhungaria aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya simu mjini Budapest. Alichukua masikio ya maiti, akayafungua, akanyunyiza vumbi la fedha juu ya utando, akamulika kwa taa ya kupepesa na kutazama kwa darubini. Akaona wimbi likisafiri: la sauti nyembamba hufikia kilele karibu na mlango wa koklea, la sauti nzito huendelea mpaka ndani kabisa. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Lakini sikio la maiti halikuweza kumwonesha yote. Mwaka 1978, David Kemp wa London aliweka maikrofoni ndogo ndani ya tundu la sikio la mtu hai, akapiga mlio mfupi, kisha akasikiliza. Baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde sikio likajibu: lilitoa sauti yake lenyewe. Seli za nje zilikuwa zinacheza, zinakuza sauti kwa nguvu zao. Kutokana na ugunduzi huo leo tunaweza kumpima mtoto mchanga aliyelala, bila kumuuliza kitu, kwa dakika chache.

Nimelitaja wimbi la Békésy kwa sababu linaeleza malalamiko tunayoyasikia kila siku kwa wazee wetu. Seli za karibu na mlango, zile za sauti nyembamba, ndizo zinazotangulia kufa, kwa uzee, kwa kelele na kwa dawa. Sasa lisikilizeni Kiswahili chetu. Irabu zake ni nzito na zina nguvu. Konsonanti nyingi, p, t, k, s, f, ni nyembamba na dhaifu. Mwambie mzee aliyepoteza sauti nyembamba neno "paka", halafu "taka", halafu "kata". Atasikia a mbili mara zote tatu, kwa sauti ya kutosha kabisa. Atakwambia, "Mwanangu, nakusikia, lakini sikufahamu." Wengi hudhani akili imeanza kumpotea, wakampigia kelele. Kelele huzidisha irabu, ambazo alikuwa anazisikia tangu hapo, na konsonanti zinabaki zimepotea. Mtazame usoni, sema taratibu, zima redio. Hivyo vinamsaidia zaidi ya kupaza sauti.

Kuku akiharibikiwa na seli hizi huota nyengine. Watafiti wa Marekani walilithibitisha hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Binadamu hapati hiyo. Tangu wakati huo maabara nyingi duniani zinatafuta ni swichi gani iliyozimwa kwetu. Siku itafika, inshallah, lakini mtoto aliyeko darasa la kwanza leo hawezi kuisubiri.

Nije kwenye mambo yanayoziua seli hizo, nianze na usaha wa masikio. Mama anaamka asubuhi anakuta foronya ya mtoto ina doa la manjano lenye harufu. Anapangusa kwa pamba, anaziba. Bibi anasema mtie mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Jirani anasema mwache, akikua litakauka. Mtoto halii, kwa sababu ngoma ikishatoboka usaha unapata pa kutokea na maumivu yanapungua. Kwa hivyo nyumba nzima inatulia wakati mambo ndiyo kwanza yanaharibika.

Usaha huo umetokea puani. Kuna mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati, na kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala, haukuinama kama wa mtu mzima. Mafua, tezi zilizovimba nyuma ya pua na moshi wa jikoni huufanya uvimbe na kuziba, maji yanakusanyika nyuma ya ngoma, vijidudu vinazaliana humo. Masikio mengi hupona. Linaloendelea kuvuja zaidi ya wiki mbili limeshaingia kwenye ugonjwa sugu, na hapo sikio la ndani nalo limo hatarini, kwa sababu sumu za vijidudu hupenya kwenye dirisha la duara, utando unaolitenga sikio la kati na la ndani, na kuzifikia zile seli tulizozisema. Mara nyengine usaha hula mfupa wa nyuma ya sikio, na ukafika kwenye ubongo. Watoto hufa kwa hilo.

Tanzania imelichunguza jambo hili. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa skuli katika wilaya za Moshi na Monduli, na mwaka 1996 B. M. Minja na A. Machemba wakachapisha wa Dar es Salaam, wakilinganisha skuli za mjini na za pembezoni. Masikio yenye maradhi ya usaha yalikuwa mengi zaidi kwa watoto wa mashamba. Lakini utafiti ninaoupenda kuliko yote ulifanyika Kiambu, Kenya, na ulichapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet. Naupenda kwa sababu uliuliza swali ambalo kila muuguzi alidhani analo jibu lake. Wakati ule vitabu vilifundisha kwamba pasipo na dawa, kulikausha sikio kwa kulipangusa kunatosha. Watafiti wakachukua watoto 524 wenye masikio sugu, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilikaushwa masikio, likapewa matone ya antibiotiki na steroidi pamoja na antibiotiki ya kumeza. Kundi la pili lilikaushwa tu. La tatu halikupewa matibabu hayo. Baada ya wiki 16, katika kundi la kwanza asilimia 51 walikuwa wamekauka. Waliokaushwa tu, asilimia 22. Wasiopewa kitu, asilimia 22.

Ziangalieni namba mbili za mwisho. Zile siku zote za kupangusa hazikuleta tofauti yoyote na kukaa bure. Hakuna aliyelijua hilo mpaka walipohesabu. Na mwaka 2005, pia Kenya, utafiti mwengine ulichapishwa baada ya kupima watoto wa skuli 39,841 ili kuwapata 427 wenye masikio sugu. Nusu walitiwa matone ya siprofloksasini, nusu matone ya asidi ya boriki katika spiriti, dawa rahisi ambayo hospitali nyingi zilikuwa zikiitengeneza wenyewe. Baada ya wiki mbili, asilimia 59 ya wa mwanzo walikuwa wamekauka, na asilimia 32 ya wa pili.

Kwa hivyo kwa mzazi maana yake ni hii. Kulikausha sikio ni kuitengenezea dawa njia, na bila ya dawa njia hiyo haina msafiri. Chukua kitambaa safi cha pamba au karatasi laini inayonyonya, kisokote kiwe na ncha, kitie taratibu, kiache kinyonye, kitoe, utie chengine, mpaka kitoke kikavu. Usikiache ndani, na usitumie kijiti wala unyoya wa kuku. Kisha mtoto alale ubavu, sikio bovu likiwa juu. Tia matone aliyoandika daktari, kisha kibonyeze mara kadhaa kile kinyama kilicho mbele ya tundu, ili dawa isukumwe ndani. Abaki hivyo dakika chache. Sikio lisiingie maji ya kuoga wala ya bahari mpaka likauke, na baada ya kukauka apimwe kusikia. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi.

Nimesema "aliyoandika daktari", na nina sababu. Ingia duka la dawa lolote mjini, useme mtoto anatokwa na usaha. Kuna uwezekano mkubwa utoke na kichupa cha jentamaisini. Jentamaisini, neomaisini, streptomaisini na kanamaisini ni ukoo mmoja, na ukoo huo una tabia ya kuingia ndani ya seli zenye vinyweleo na kuziua. Ngoma ikiwa nzima, tone la nje halifiki huko. Ngoma ikiwa imetoboka, njia iko wazi. Siprofloksasini haimo katika ukoo huo, na ndiyo sababu nyengine ya kufurahia matokeo ya mwaka 2005.

Historia ya dawa hizi inastahili kukumbukwa. Streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka 1943, ikawa dawa ya kwanza ya kweli ya kifua kikuu. Haikupita miaka mingi madaktari wakaona wagonjwa wao wanapona kifua lakini wanayumba wakitembea gizani: kiungo cha mizani cha sikio la ndani kimekufa pande zote mbili, na bila ya macho mtu hajui wima wake uko wapi. Baadaye, kifua kikuu sugu kilipoanza kutibiwa katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009, matibabu yalikuwa ni pamoja na sindano za ukoo huo huo kwa miezi. Watu waliokoka na wengine wakabaki viziwi. Wagonjwa na watafiti wa nchi nyingi walipiga kelele, dawa za vidonge zikapatikana, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaacha kupendekeza kanamaisini kwa ugonjwa huo. Siwaambii muikatae sindano ya jentamaisini mtoto mchanga anapoandikiwa kwa maambukizi ya damu. Sindano hiyo inaokoa roho. Nawaambia wauguzi wapime uzito wake kwa mizani, wahesabu dozi, na wamwandikie mama mtoto apimwe masikio baadaye.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka kwinini. Ukiinywa masikio yanavuma siku nzima, maneno ya watu yanakuja kwa mbali. Hiyo ni athari yake kwenye koklea, na kwa bahati njema mara nyingi huondoka dawa ikimalizika. Zanzibar iliacha klorokwini mwaka 2003 ikaingia kwenye dawa mseto, malaria ikashuka sana. Mwaka 2010 ukatoka utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo: waliochomwa atesuneti walikufa asilimia 8.5, waliotiwa kwinini asilimia 10.9. Utafiti ule ulihesabu uhai, na ilikuwa sawa kuhesabu uhai. Lakini kwa kuachana na kwinini, masikio nayo yalipata nafuu humo humo.

Kelele. Wengi wenu mlikuwepo Disemba 2009 umeme ulipokatika Unguja, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Mji Mkongwe, kwenye vile vichochoro ambamo kuta zinarudishiana sauti, jenereta zilikaa barazani milango kwa milango. Tulilalamikia mafuta na moshi. Sikumsikia mtu akilalamikia sikio, kwa sababu sikio linaloharibiwa na kelele haliumi.

Kipimo ni rahisi kukishika. Shirika la Afya Duniani linakubali desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 83, saa 20. Ukifika 101, unabaki na muda usiotimia dakika 19 kwa wiki nzima. Fundi seremala wa Amani akiwa kwenye randa ya umeme, mchomelea vyuma akisaga kwa grainda, mwanamuziki aliyekaa mbele ya spika usiku wa taarabu, kijana aliyeziba masikio kwa hedfoni kutoka Darajani mpaka Fuoni: kila mmoja anatumia mgao wake wa wiki, na wengi wanaumaliza siku ya mwanzo. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston waligundua kitu kinachotisha zaidi. Panya waliopigiwa kelele, kisha vipimo vyao vya kusikia vikarudi sawa kabisa baadaye, walipochunguzwa kwa darubini walikutwa wamepoteza karibu nusu ya viungio baina ya seli na mshipa wa fahamu katika sehemu ya sauti nyembamba. Yaani ule uziwi wa saa chache baada ya tamasha, unaoondoka ukilala, huenda usiwe umeondoka wote. Vizibo vya masikio ni bei ndogo. Nawasihi wenye karakana wavinunue pamoja na sandpepa.

Na wavuvi wetu wa kuzamia, wa pweza na wa jongoo bahari, wana adui mwengine. Kwa kila mita 10 za maji linaongezeka shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Mwenye mafua ambaye masikio yake hayazibuki akilazimisha kuteremka anaweza kupasua ngoma, au dirisha la sikio la ndani likachanika, akatoka na kizunguzungu na uziwi siku hiyo hiyo. Akitokewa na hayo asisubiri. Matumaini yake yako katika kuwahi.

Kizunguzungu nataka nikae nacho, maana kinatibiwa vibaya mno. Mtu wa makamo anaamka alfajiri, anageuka kitandani, na chumba kizima kinazunguka. Anashika ukuta. Dakika haijapita kimetulia. Anasimama kusali, akisujudu, kinarudi. Watoto wanamkimbiza kupima presha. Presha ikikutwa imepanda kidogo kwa hofu, anaanzishwa vidonge. Ikikutwa iko sawa, anaambiwa damu haitoshi, au anatafutiwa aliyemfanyia.

Ulaya ilipita hapo hapo. Mpaka katikati ya karne ya 19, mtu akianguka kwa kizunguzungu Paris ilisemwa damu imejaa kichwani, na alitolewa damu. Mwaka 1861 Prosper Ménière alisimama mbele ya madaktari wenzake akasema wengi katika hawa maradhi yao yako sikioni. Baadaye Robert Bárány wa Vienna, akiosha masikio ya wagonjwa kwa bomba, aliona kwamba maji yakiwa baridi mgonjwa anapata kizunguzungu na macho yake yanakwenda mbio upande mmoja. Maji yakiwa moto, macho yanakwenda upande wa pili. Yakiwa na joto la mwili, hakuna kitu. Akaelewa kwamba baridi na moto vinayaendesha maji yaliyomo kwenye mifereji mitatu ya nusu duara, ile inayotujulisha kichwa kimegeukia wapi. Alipewa Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimfikia akiwa mateka wa vita huko Urusi. Enyi mnaoosha nta za masikio vituoni, somo la Bárány ni lenu: maji yawe vuguvugu, joto la mwili, ndipo mgonjwa hatayumba kwenye kiti.

Mgonjwa wetu wa alfajiri ana kokoto ndogo sana za chokaa ndani ya sikio. Zinakaa kwenye kiungo cha kupimia mvuto wa ardhi. Zinapobanduka huangukia kwenye mfereji, na kila kichwa kikilazwa zinateremka zikivuta maji. John Epley wa Oregon alifikiri: kama zimeingia kwa kuanguka, zitoke kwa kuanguka. Njia yake aliichapisha mwaka 1992. Mgonjwa anakaa kitandani, kichwa kimegeuzwa nusu upande wa sikio bovu. Analazwa chali haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Kizunguzungu kinakuja, macho yanacheza, unamshika, unamwambia astahamili, unasubiri kitulie. Kichwa kinageuzwa upande wa pili, unasubiri tena. Anageuzwa mwili mzima alale ubavu, uso ukiangalia chini. Kisha anakalishwa. Hakuna sindano, hakuna kidonge, na wengi wanapona hapo hapo au baada ya kurudia mara chache. Muuguzi yeyote anaweza kufundishwa. Ila kizunguzungu kikija pamoja na kupooza upande mmoja, ulimi mzito au kuona vitu viwili viwili, hilo ni la ubongo na ni la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Utafiti mmoja wa karibu yetu unaonesha kuwa kusikia hakumalizikii sikioni. Jay Buckey, daktari wa Marekani, alikwenda anga za juu mwaka 1998 katika safari ya Neurolab, iliyochunguza pamoja na mengine jinsi kiungo cha mizani kinavyofanya kazi pasipo uzito. Miaka ya baadaye yeye na wenzake wa Chuo cha Dartmouth walishirikiana na wataalamu wa Dar es Salaam, akiwemo Isaac Maro, kupima masikio ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 yalishangaza: wagonjwa wengi walisema hawasikii vizuri, lakini koklea zao zilijibu sawa na za wasio na virusi. Tofauti ilionekana walipotakiwa kutambua kimya kifupi sana katikati ya mlio, kazi ambayo inafanywa na ubongo. Mgonjwa akikwambia hasikii kwenye makundi ya watu, na kipimo cha kawaida kikasema mzima, mwamini mgonjwa.

Kwa waliokwisha kupoteza kusikia kuna la kufanya. Tangu 2017 hospitali ya Muhimbili inapandikiza kifaa kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia, kikizipita seli zilizokufa. Watoto waliokuwa wakipelekwa India sasa wanatibiwa nyumbani. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walitangaza kwamba watoto waliozaliwa viziwi kwa kasoro ya jeni moja walitiwa jeni nzima sikioni, wakaanza kusikia. Lakini mtoto kiziwi anahitaji lugha kabla ya kuhitaji mashine, na lugha haisubiri. Lugha ya alama ni lugha kamili, na Chama cha Viziwi Zanzibar wanayo hiyo elimu ya kutufundisha. Mtoto aliyefichwa ndani mpaka miaka saba bila ya lugha yoyote anapoteza kitu ambacho hakuna upasuaji utakaokirudisha.

Sasa niseme ninachokitaka kwenu watu wa Amani. Tunayo hospitali ya Mnazi Mmoja yenye kitengo cha masikio, pua na koo. Tangu 1964 madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, China, wanakuja kwa zamu kufanya kazi Zanzibar. Tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar chenye wanafunzi wa udaktari. Huko Pretoria, De Wet Swanepoel na wenzake wameonesha kwamba mtu asiye daktari, akiwa na simu ya mkononi na hedfoni zilizopimwa sawasawa, anaweza kumpima mtoto kusikia akiwa skuli. Kwa hivyo utafiti wa kwanza uko ndani ya uwezo wetu. Watoto wote wanaoanza darasa la kwanza Amani, na wote wanaoanza Makunduchi mwaka huo huo, watazamwe masikio na wapimwe. Tuhesabu wangapi wanatoka usaha, wangapi wameziba kwa nta, wangapi hawasikii sauti nyembamba. Kisha tuhesabu na hili, ambalo jibu lake nalitaka kuliko yote: kati ya watoto tutakaowaandikia barua ya kwenda Mnazi Mmoja, wangapi watafika, na kwa wale wasiofika, kilichowazuia ni nauli, ni foleni, ni msimu wa karafuu, au ni mzazi ambaye hajaambiwa na mtu kwamba sikio lisilouma nalo linahitaji daktari.